Mwulize Daktari: Hii Inatuliza au Inazuia?

(Hotuba ya mfamasia mstaafu kwa wagonjwa wa lupasi na familia zao, Dar es Salaam, katika maadhimisho ya Siku ya Lupasi Duniani. Imewekwa hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)

Ndugu Mwenyekiti, waheshimiwa madaktari na wauguzi mliokubali kuitoa siku yenu ya mapumziko, mama zangu, dada zangu, na nyinyi akina baba wachache mliowasindikiza wake na binti zenu: asalaam aleikum, tumsifu Yesu Kristo, na kwa wote, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie jambo moja tu, nalo ni hili: mgonjwa wa lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe, afanye nini ili daktari amwandikie dawa inayomfaa? Mimi si daktari. Nilifanya kazi dirishani, kwenye famasi ya hospitali, na dirishani mtu huona kitu ambacho daktari hakioni kwa urahisi, kwa kuwa yeye humwona mgonjwa siku moja kisha hamwoni tena kwa miezi. Mfamasia huona vyeti vya dawa vya mtu yule yule vikipita mkononi mwake, mwezi baada ya mwezi, mwaka baada ya mwaka. Nilichokiona mara nyingi ni mgonjwa ambaye jina la ugonjwa wake linajulikana, limeandikwa hata kwenye jalada, lakini cheti chake kimejaa dawa za dalili: dawa ya maumivu ya viungo, dawa ya tumbo lililochubuliwa na dawa ya maumivu, krimu ya vipele, vidonge vya kuongeza damu. Dawa nne, na hakuna hata moja inayougusa ugonjwa wenyewe.

Kwa nini inatokea hivyo? Je, daktari ni mbaya? Hapana. Je, mgonjwa ni mzembe? Hapana. Inatokea kwa sababu lupasi huja kwa vipande. Leo ni magoti, mwezi ujao ni nywele, baada ya hapo ni homa inayotibiwa kama malaria, kisha kama taifodi, kisha kama UTI. Kila kipande hukutana na daktari wake, na kila daktari hukiandikia kipande alichokiona. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na wadudu, imeugeukia mwili wenyewe. Lakini hakuna aliyeandika dawa ya kuizuia kinga hiyo, kwa sababu hakuna aliyeona vipande vyote pamoja.

Naomba basi tulishike swali moja, na nitalirudia mpaka mnichoke. Mkikabidhiwa cheti cha dawa, ulizeni: hii inatuliza dalili, au inazuia ugonjwa wenyewe?

Nianze na dawa mnayoijua kuliko zote, vile vidonge vidogo vya prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi inayotuliza uvimbe haraka. Alikuwepo mama mmoja, fundi cherehani, aliyekuwa akija dirishani na cheti ambacho karatasi yake ilishalainika kama kitambaa. Aliandikiwa prednisoloni siku alipolazwa kwa mara ya kwanza, ikamwinua kitandani ndani ya siku chache, naye hakuisahau fadhila hiyo. Hospitali ilipomwambia apunguze, alipunguza. Viungo vilipoanza kukaza, alirudia mwenyewe dozi ya mwanzo, akinunua kwenye maduka ya mtaani ambako hakuna aliyemwuliza swali. Uso ukamjaa, na majirani wakamsifu: umenawiri, mume anakutunza. Hakuna aliyejua kwamba kule kunawiri kulikuwa dalili. Sukari ilipanda, presha ikapanda, na hatimaye nyonga moja ikaanza kuuma kwa namna ambayo haikuwa lupasi tena. Mfupa ulikuwa umekosa damu na kuanza kufa. Yule mama hakuwahi, katika miaka yote hiyo, kuandikiwa dawa ya pili.

Msinielewe vibaya. Prednisoloni huokoa maisha, na siku lupasi inapovamia figo au ubongo hakuna daktari mwenye akili atakayeiacha. Mwezi Septemba 1948, katika Mayo Clinic huko Marekani, Philip Hench alimpa mwanamke aliyelemazwa na baridi yabisi dawa ya ukoo huu huu, kotisoni, na mwanamke huyo akainuka na kutembea ndani ya siku chache. Mwaka 1950 Hench na wenzake wawili wakapewa Tuzo ya Nobel. Dunia ilishangilia, na kelele za shangwe hazijaisha vizuri ndipo madhara yakaanza kuonekana. Leo miongozo ya Ulaya ya mwaka 2023 inasema kwamba lupasi ikishatulia, prednisoloni ishushwe hadi miligramu 5 kwa siku au chini yake, na ikiwezekana iachwe kabisa. Ishushwe na daktari, nasisitiza, tena taratibu; mtu aliyeimeza kwa wiki nyingi akiikata ghafla anaweza kuanguka, kwa sababu tezi zilizo juu ya figo zimeshazoea kukaa bila kazi.

Sasa, kuishusha kunahitaji kitu cha kushika nafasi yake. Hapo ndipo swali letu linapofanya kazi. Ukiona unaandikiwa prednisoloni kwa mwezi wa tatu, wa nne, wa tano, kwa dozi ile ile, huna haja ya kugombana na mtu. Mwambie daktari kwa adabu: “Daktari, ninaona kila tukishusha dozi hii ugonjwa unaamka. Je, ipo dawa ya kuuzuia, ili hii tuweze kuipunguza?” Nimewahi kusimulia sentensi hiyo mbele ya madaktari, na mmoja akaniambia kwamba angefurahi kuisikia, kwa kuwa wagonjwa wake wengi humwomba kinyume chake: aongeze.

Tuje kwenye dawa ya pili, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayonyimwa wagonjwa wa lupasi kwa sababu dhaifu kuliko zote. Wangapi humu mmewahi kumeza klorokwini? Nyoosheni mikono. Naona wote mliovuka miaka thelathini. Wangapi iliwawasha mwili mzima mpaka mkajikuna usiku kucha? Mikono ni ile ile! Basi haidroksiklorokwini ni ndugu wa klorokwini. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, wanajeshi waliopewa dawa za malaria za jamii hiyo waliona vipele na maumivu ya viungo vikipungua, na mwaka 1951 daktari wa London aitwaye Page akachapisha habari za wagonjwa wake wa lupasi waliopata nafuu kwa mepakrini, dawa nyingine ya malaria. Haidroksiklorokwini yenyewe ilianza kutumika Marekani mwaka 1955. Ni ya zamani na inajulikana vizuri, wala hatuwezi kuiita dawa ya majaribio.

Je, inazuia kweli? Mwaka 1991 madaktari wa Kanada waliwachukua wagonjwa 47 wa lupasi ambao hali zao zilikuwa zimetulia kwa haidroksiklorokwini. Wengine waliendelea nayo; wengine, bila kujua, walipewa vidonge vitupu vinavyofanana nayo. Ndani ya wiki 24 ugonjwa uliamka kwa 16 kati ya 22 waliopewa vidonge vitupu, na kwa 9 kati ya 25 walioendelea na dawa. Ndiyo maana miongozo ya leo inasema kila mgonjwa wa lupasi aandikiwe dawa hii, isipokuwa kama kuna sababu ya wazi ya kumkataza. Kila mgonjwa, hata mjamzito. Hata yule anayejisikia mzima.

Kwa nini basi haiandikwi? Sababu ya kwanza ni historia yetu wenyewe. Tanzania Bara iliachana na klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, baada ya vimelea kuwa sugu, kwa hiyo kuna kizazi kizima cha matabibu ambao hawajawahi kuishika. Nimemsikia kwa masikio yangu muuzaji wa dawa akimwambia binti wa watu, “Hii ni ya malaria, ilishapigwa marufuku, nani kakuandikia?” Binti aliondoka bila dawa. Kisha ikaja Korona. Mwezi Machi 2020 habari zilienea kwamba haidroksiklorokwini inatibu Korona, watu wenye afya zao wakainunua na kuiweka kabatini, na wagonjwa wa lupasi duniani kote wakahangaika kuitafuta. Juni mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likasitisha kuijaribu kwa wagonjwa wa Korona waliolazwa, kwa sababu haikuwaokoa. Lakini jina la dawa lilikuwa limeshachafuka, na hadi leo wapo wanaoiogopa kwa sababu ya kelele za mwaka ule.

Sababu ya pili ni nzito zaidi, nayo ni macho. Ni kweli, dawa hii ikitumika miaka mingi kwa dozi kubwa inaweza kuharibu retina, yaani sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga, na daktari anayeogopa jambo hilo hajakosea. Nataka niwaeleze alichofanya mwanafunzi mmoja wa chuo. Alikuwa anaendelea vizuri na haidroksiklorokwini, akahamishiwa kwa daktari mwingine, naye akaifuta kwenye cheti akisema, “Itakupofusha.” Wengi wetu tungefanya mojawapo ya mambo mawili: tungenyamaza na kurudi nyumbani bila dawa, au tungekasirika na kutafuta daktari mwingine. Yeye aliuliza, “Daktari, nikipima macho na nikaleta majibu, na dozi ikapangwa kwa uzito wangu, tunaweza kuendelea?” Daktari alifikiri kidogo, akasema ndiyo. Wiki iliyofuata binti alileta majibu ya kliniki ya macho, akapandishwa kwenye mizani, dawa ikarudi kwenye cheti.

Mmeona alichokifanya? Pingamizi la daktari amelifanya kuwa sharti, na sharti linaweza kutimizwa. Akisema macho, ulizeni kipimo gani cha macho. Akisema figo, ulizeni kipimo gani cha figo. Akisema dawa ni kali, ulizeni tutajuaje kwamba imeanza kunidhuru, na tutapima baada ya muda gani. Daktari anayeogopa dawa mara nyingi anaogopa kubaki peke yake na madhara yake. Mkimwonyesha kwamba mtakuja kupimwa, mmempunguzia nusu ya hofu.

Na hesabu ya dozi muijue, kwa kuwa si ngumu: isizidi miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito wako kwa siku. Mwenye kilo 60 hufikia miligramu 300. Kidonge ni cha miligramu 200, kwa hiyo daktari anaweza kumwandikia kimoja leo na viwili kesho, kwa kupokezana. Macho yapimwe mwanzoni, ndani ya mwaka wa kwanza, kisha kila mwaka baada ya miaka mitano. Mwenye figo dhaifu aanze mapema zaidi. Tena muwe na subira nayo, maana huchukua wiki nyingi, hata miezi, kabla hamjaona tofauti. Wapo walioiacha wiki ya tatu wakisema haifanyi kazi. Haikupewa nafasi.

Mama zangu, sasa nitasema jambo ambalo huenda likawaudhi. Sisi tumelelewa kutolalamika. Mtu ukimwuliza hali yake, hata kama ameamkia kitandani akilia, atajibu, “Namshukuru Mungu.” Ni adabu njema mbele ya wageni na mbele ya majirani, lakini ndani ya chumba cha daktari adabu hiyo inatugharimu. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alikuwa akihudhuria kliniki bila kukosa. Daktari akiuliza, “Unaendeleaje, mwalimu?” yeye hujibu, “Sijambo, tunaendelea.” Na daktari, mwenye foleni ya watu wengi nje, huandika: anaendelea vizuri, aendelee na dawa zile zile. Siku moja alikwenda na mkwewe, mke wa mwanawe. Mkwe akamkatiza kwa heshima, akasema, “Samahani, mama, naomba niseme. Daktari, mama hawezi kushika chaki mpaka saa nne asubuhi. Mimi ndiye ninayemfunga vifungo vya gauni. Na tangu mwezi uliopita miguu inavimba jioni.” Kalamu ya daktari ilisimama. Mkojo ukapimwa siku ile ile, ukakutwa na protini nyingi. Ilikuwa lupasi ya figo, na mazungumzo ya dawa yakabadilika kabisa: kutoka vidonge vya maumivu hadi mikofenoleti, dawa ya kuizuia kinga.

Kwa hiyo nawaomba, kabla ya siku ya kliniki, kaeni na daftari. Andikeni mambo ambayo mwili ulishindwa kufanya, maana neno “naumwa” peke yake halimsaidii daktari kuamua dawa. Nilishindwa kusokota ukili. Nilishindwa kupanda daladala. Niliamka na vidole vilivyokaza mpaka jua lilipopanda. Andikeni tarehe. Vipele vikitokea, vipigeni picha kwa simu siku hiyo hiyo, tena kwenye mwanga wa jua, kwa sababu siku ya kliniki vitakuwa vimepotea. Na kwenye ngozi nyeusi vipele vya lupasi havionekani vyekundu kama vile vya kwenye vitabu, huwa vya zambarau au vyeusi zaidi, kwa hiyo tabibu asiyevizoea anaweza kuvidhania chunusi au fangasi. Na mkojo, jamani, mkojo! Figo za lupasi haziumi. Kipimo cha protini kwenye mkojo kinapatikana hata kwenye vituo vya afya vingi, ni cha bei ndogo, na jibu lake hubadilisha cheti cha dawa kuliko maneno yote nitakayosema hapa leo.

Nisisahau hili, kwa kuwa linahusu dawa isiyofaa: mwambieni kila tabibu mnayekutana naye kwamba mna lupasi kabla hajawaandikia Septrin. Dawa za salfa za jamii hiyo huwaletea wagonjwa wengi wa lupasi mzio, au huuamsha ugonjwa wenyewe.

Kuna dawa ya tatu ambayo haikubali mzaha. Methotreksati huandikwa pale viungo vinapokuwa ndio tatizo kubwa. Mnaijua kama dawa ya saratani, na ndivyo ilivyoanza, lakini kwa viungo hutolewa kwa kiasi kidogo sana, mara moja kwa wiki. Mara moja kwa wiki. Narudia: mara moja kwa wiki! Sisi kwenye famasi tumezoea kuandika kwenye bahasha moja mara tatu, moja mara mbili, moja mara moja, na mkono umeshazoea kudhani kwamba kila dawa ni ya kila siku. Mzee mmoja aliletwa wodini akiwa na vidonda mdomo mzima, hawezi kumeza hata uji, na damu yake imeshuka vibaya. Bahasha ya dawa, aliyopewa kwenye kituo ambacho sitakitaja, ilisema kimoja kila siku. Daktari alikuwa ameandika vizuri. Kosa liliingia njiani kati ya cheti na bahasha. Mzee alipona, namshukuru Mungu, lakini daktari wake aliogopa kumwandikia dawa ile tena, kwa hiyo kosa moja la bahasha lilimnyima dawa iliyokuwa ikimfaa.

Mkiandikiwa methotreksati, ombeni siku ya wiki iandikwe kwa jina, kwenye cheti na kwenye bahasha: Jumamosi, kwa mfano. Ulizeni foliki asidi ya kuambatana nayo, ile inayofahamika kwa akina mama wajawazito. Pimeni damu na ini kwa ratiba, na pombe ikae mbali. Na dada zangu mnaotarajia kupata watoto, hilo lisemeni mapema, hata kama aliyekaa mbele yenu ni kijana wa umri wa mwanenu na mnaona haya. Methotreksati na mikofenoleti humdhuru mtoto tumboni. Haidroksiklorokwini na azathioprini, dawa nyingine ya kuizuia kinga, zinaweza kuendelea. Daktari asiyejua kwamba unataka mtoto hawezi kukuchagulia dawa inayofaa.

Nimalizie na mambo ya kiofisi, kwa kuwa yapo yanayowachosha watu kuliko ugonjwa. Mwongozo wa taifa wa matibabu na orodha ya dawa muhimu hupanga dawa kwa ngazi, kuanzia zahanati hadi hospitali za kibingwa, na ipo dawa ambayo tabibu wa ngazi ya chini haruhusiwi kuianzisha hata akiijua. Kumlaumu huyo ni kumwonea. Mwombeni rufaa, na mkirudi kutoka kwa bingwa, mrudi na barua. Barua yenye jina la ugonjwa, jina la dawa, dozi, vipimo vya kufuatilia na tarehe ya kurudi. Wagonjwa wengi hutoka hospitali kubwa na mfuko wa dawa bila karatasi yoyote, dawa zikaisha, na tabibu wa wilayani akabaki anakisia. Na bima ikikataa dawa, msiishie kaunta: ulizeni imekataliwa kwa sababu gani, mpewe kwa maandishi, mrudi nayo kwa daktari, kwa kuwa mara nyingine kinachokosekana ni jina la ugonjwa tu kwenye fomu.

Waheshimiwa madaktari, na nyinyi nawaomba kitu kimoja. Mgonjwa akiwauliza swali langu, msilisikie kama dharau. Anayeuliza kama dawa inazuia au inatuliza ndiye atakayeimeza kwa miaka, na ndiye atakayewaletea majibu ya macho bila kukumbushwa.

Nyuma ya ukumbi, karibu na mlango, kuna meza mbili na mizani. Vijana wangu wawili wafamasia wamekaa pale. Kila aliyekuja na mfuko wa dawa apite, apimwe uzito, dozi yake ihesabiwe, na bahasha zisomwe moja moja; panapohitaji kurekebishwa ataandikiwa maelezo ya kumpelekea daktari wake, kwa maana sisi hatumbadilishii mtu dawa. Daktari wa figo amekubali kubaki hadi saa saba. Sasa nipeni maswali, na naomba tuanze na yule mama wa safu ya tatu, ambaye amenyoosha mkono tangu nilipotaja Septrin.